Vidonge Nilivyompa Mama Bila Jina

Nakumbuka asubuhi moja ya Elburgon, mwanangu, baridi ile ya kuacha barafu nyembamba juu ya majani ya kabeji. Nilitoka nje nikamkuta mama yangu amesimama nyuma ya nyumba, sweta ameivua, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi, jasho linamteremka shingoni kama mtu aliyetoka kupasua magogo. Watu wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa wamejikunyata kando ya majiko yao. Yeye alikuwa anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mama, unaumwa?" nikamuuliza.

"Kuna moto umewashwa ndani yangu, Rasoa," akasema. "Na sijui nani ameuwasha."

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alitoka magharibi akiwa kijana kuja kufanya kazi katika kiwanda cha mbao, na sisi tulikulia pale pale kwenye laini, nyumba za mabanzi, ukungu wa Mau mlangoni kila asubuhi. Mama, jina lake Berita, alikuwa akichuma pareto katika shamba la jirani. Jumapili ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Ukimsikia Berita akivuta ubeti wa kwanza, hata wanaume waliokuja kwa kulazimishwa na wake zao walinyoosha migongo.

Basi moto ule ukamharibia maisha. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili kabla, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili ni ndugu. Alimezeshwa dawa ya malaria mpaka masikio yakawa yanalia. Usingizi ulimkimbia. Akawa mkali kwa vitu vidogo, kisha analia kwa sababu amekuwa mkali. Kwaya akaiacha, kwa maana jasho lilimshika katikati ya wimbo na wanawake wa kiti cha mbele wakaanza kunong'onezana.

Kilichoniumiza mimi zaidi, na hapa sitajipaka mafuta, ni jambo langu mwenyewe. Nilikuwa nimepata mchumba, Eliya, kijana wa reli pale Nakuru, ambaye wewe umemjua kama baba yako. Watu wao walipokuja kujitambulisha, mzee wao akiwa katikati ya maneno ya heshima, mama yangu aliinuka ghafla akatoka nje na kubaki huko, anajipepea. Wageni wakatazamana. Kwao hiyo ilikuwa dharau. Waliondoka bila kumaliza chai, na habari zikatufikia kwamba mama yake Eliya amesema, "Mama wa huyo msichana ana kichwa kigumu, na mtoto hufuata mama." Wakasema watarudi baada ya mavuno. Walivyosema "watarudi", nilijua ni neno la kuagia tu.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi nyumbani kwa meneja wa kiwanda, Mzungu. Nilipiga pasi, nilitandika vitanda, nilipangusa vumbi. Mke wake alikuwa mama wa makamo, na yeye pia alikuwa na moto wake. Nilimwona mara nyingi akifungua madirisha yote wakati sisi tunatetemeka. Halafu akaenda kwa daktari wake Nakuru, akarudi na chupa ndogo ya kahawia, na baada ya wiki chache nikaona mtu mwingine. Anaimba bustanini. Ananiuliza habari za nyumbani.

Siku moja nikajipa moyo. "Memsabu, hii dawa ni ya nini?"

"Dawa ya mama mzee, Rasoa," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Mbele mimi sikia moto sana. Sasa hapana sikia. Lakini si dawa ya kucheza. Daktari naangalia mimi kila mara."

Mwanangu, sikio la mtu anayetaka kitu husikia nusu. Nilisikia "hapana sikia moto". Hayo mengine yalipita kama treni isiyosimama stesheni yetu. Kwenye kalenda yake ya ukutani kulikuwa na siku alizozichora msalaba, wiki nzima kila mwezi. Nilidhani ni siku za wageni. Kumbe zilikuwa siku ambazo daktari alimwambia asimeze kidonge, mwili upumzike. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi niliona kuuliza ni kujichongea.

Meneja alipopata likizo ya kwenda Ulaya, memsabu alisafisha kabati lake la dawa. Akanipa kikapu cha chupa. "Tupa hii yote kwa shimo." Nikaenda mpaka kwenye shimo. Nikatupa zote isipokuwa tatu za kahawia, zilizojaa karibu mpaka shingoni. Hizo zikaingia chini ya aproni yangu.

Nilipompa mama kidonge cha kwanza, aliniuliza, "Ni nini hii?"

"Vitamini, mama. Vya kuongeza nguvu. Memsabu ameniachia."

Akakimeza na chai, na Jumapili akaomba kwa sauti kanisani, Mungu amsafirishe salama yule mama aliyemkumbuka mtu asiyemjua. Nami nikaitikia amina pamoja na wengine.

Sasa nisikilize vizuri, maana wazee wengi wakisimulia makosa yao huficha ile sehemu tamu. Dawa ilifanya kazi. Kabla mwezi haujaisha, moto ulikuwa umezimika. Mama akalala mpaka jogoo anamkasirikia. Akarudi kwaya. Akachuma pareto na kuwaacha wasichana nyuma, akiwatania kwamba vidole vyao vimetengenezwa kwa ugali. Baba alimtazama kama aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika. Na mimi, nilipoona kidonge kimoja kimeleta haya, nikasema viwili vitaleta zaidi, ili watu wa Eliya wakirudi wamkute mama anang'aa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nilikuwa nimeyaingia nimebeba mtu mgongoni.

Mwezi wa nne au wa tano wa vidonge vile, tukifua nguo mtoni, mama alinishika mkono na kuniinamia sikioni. Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Rasoa, siku zangu zimerudi. Kama Sara wa Biblia!"

Akacheka, na mimi nikacheka naye. Nilifurahi kweli. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kabisa, akiona damu tena, hata tone, hajarudishiwa ujana: amegongewa mlango, na anapaswa kwenda kuona ni nani anayegonga.

Damu ile haikujua kukoma. Wiki ikaisha, ikaanza nyingine. Vitambaa vya zamani vikaisha sandukuni. Kicheko kikapungua, midomo yake ikawa na rangi ya jivu. Akawa anapumzika njiani kutoka kisimani, akinionya, "Usimwambie baba yako, haya ni mambo ya wanawake." Na mimi, ambaye peke yangu nilijua kilichokuwa tumboni mwake, nilinyamaza, kwa maana kusema kungeanzia kwenye kile kikapu. Nikaendelea kumpa vidonge. Ndiyo, mwanangu. Niliendelea. Nilijiambia vitampa nguvu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama alianguka katikati ya shamba la pareto, jua likiwa utosini, kikapu kikamwagika maua juu yake. Wanawake wenzake walimbeba mpaka barabarani, lori la mbao likasimama, akalazwa juu ya blanketi kati ya mbao mbichi, na mimi, niliyekuwa nimeitwa mbio, nikakaa nimempakata kichwa mpaka Nakuru.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi mmoja, Sista Damari, mama wa umri wa mama yangu, mnene, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alimwekea mama damu ya watu wengine. Kisha akaketi kitandani na kuuliza maswali yake moja moja, na la mwisho lilikuwa hili: "Mama Rasoa, kuna dawa yoyote umekuwa ukimeza?"

"Vitamini tu," mama akasema. "Binti yangu huniletea."

Sista Damari akanigeukia. Nikatazama sakafu. Sakafu ya hospitali ile ilikuwa ya saruji nyekundu iliyong'arishwa, na niliihesabia nyufa zake zote.

Kesho yake asubuhi daktari alipita. Sista akatutafsiria: damu kama hii kwa mwanamke wa umri huu yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi. Daktari anaona heri kumfungua tumbo na kuutoa mfuko wote, wala asikawie. Mama aliyasikia yote. Walipoondoka, akaanza kunigawia vitu vyake.

"Sufuria kubwa ni yako. Baba yako hali mboga iliyolala, usimlazimishe. Na ukiolewa, hata mimi nikiwa sipo, usiingie kwa watu na hasira."

Aliyasema taratibu, kama mtu anayeagiza sukari dukani. Ndipo nilipovunjika. Nilikimbia nje nikamkuta Sista Damari kwenye baraza, nikatoa chupa ya mwisho, niliyokuwa nikitembea nayo imefungwa katika leso, nikaiweka kiganjani mwake. Alisoma maandishi, akasoma tena, kisha akakaa kwenye benchi.

"Umempa ngapi?"

"Kimoja. Halafu viwili. Kila siku."

"Na siku za kupumzika?"

"Sikujua kuna kupumzika."

"Mtoto," akasema, "hii si vitamini. Hii ni ile nguvu ya mwili inayomfanya msichana awe mwanamke, imetiwa ndani ya kidonge. Mwili wa mama yako ulikuwa umeanza kuipunguza wenyewe, ndiyo maana akawa na moto. Wewe ukairudisha yote kwa mkupuo. Ukilimwagilia shamba mbolea mwezi kwa mwezi, na hakuna anayepalilia, si litakuwa pori? Ndani ya mfuko wake kumeota pori, na pori hilo ndilo linalotoka damu. Likiachwa, laweza kugeuka kuwa ile saratani yenyewe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Jana nilimuuliza mama yako ukiwa umesimama pale. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, Sista."

"Woga wako ulikuwa unakwenda kulipiwa kwa kisu, kwenye tumbo la mama yako. Amka. Twende ukamwambie daktari, na utasema wewe, si mimi."

Nilisema. Daktari hakunipigia kelele. Aliandika tu, akauliza kipimo, akaandika tena. Akabadilisha shauri lake: kwanza amsafishe mama mfuko wa uzazi, na kile kilichotoka kikapimwe, ndipo ijulikane kama kuna haja ya kukata. Tulingoja majibu siku nyingi, nami nilijua maana ya kukonda. Yalipokuja, haikuwa saratani. Ilikuwa lile pori tu. Vidonge vikaachwa, damu ikakauka, mama akaanza kula.

Lakini nilikuwa na deni la maneno. Nikamweleza mama yote, toka kwenye shimo la takataka hadi kwenye benchi. Aligeuza uso ukutani. Nikafikiri hatasema nami tena. Baadaye akageuka.

"Dawa siilaumu," akasema. "Siku zile nilizolala nilikuwa mtu tena, na hilo sitalikana. Ila mimi nilijua nameza vitamini. Kumbe mwili wangu ulikuwa unaamuliwa shauri, na mimi mwenyewe sikuitwa kwenye baraza."

Mwanangu, nimechapwa katika maisha yangu, nimetukanwa, nimefukuzwa kazi. Hakuna kilichonichoma kama maneno yale.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, Sista Damari alimwambia mama kwamba moto utarudi. Akamweleza kwamba mwili ukisha kupona, daktari anaweza siku moja kumpa dawa ile ile kwa kiasi kidogo, kwa siku zake, akimwangalia. Au anaweza kuiacha, moto upite wenyewe, kwa kuwa hupita. Mama aliuliza maswali mawili: je, damu inaweza kurudi? Na je, moto wenyewe unaua? Sista akajibu la kwanza inaweza, la pili hauui. "Basi nitauvumilia," mama akasema. "Sasa nimeujua kwa jina." Huo ulikuwa uchaguzi wake, nao ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa wake.

Watu wa Eliya walirudi kweli, baada ya mavuno. Moto ukamshika mama vile vile, katikati ya maneno ya heshima. Safari hii hakutoka. Alifungua vifungo vya sweta mbele ya wote akamgeukia mama yake Eliya. "Mwenzangu, siku ile sikuwadharau. Hedhi imeniacha, na imeniachia jasho hili. Nilitoka nje kutafuta upepo."

Wanaume wakatafuta mahali pa kuangalia. Mama yake Eliya alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka machozi. "Kumbe na wewe? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyerogwa!" Wakahama wakakaa wote wawili mlangoni penye hewa, na ndoa yangu ikapangwa na wanawake wawili wanaojipepea.

Miaka ikapita, zamu yangu ikafika. Mimi moto wangu ulikuwa mbaya kuliko wa mama. Nilisahau majina ya watoto wangu kwa kukosa usingizi. Nilikwenda kwa daktari pale Nakuru mjini, nikakaa kitini, nikasimulia yote, hata ya chupa. Alinipima presha, akanipima matiti, akauliza kama kuna aliyewahi kupata saratani ya titi kwetu, au damu kuganda mguuni, au kiharusi, au ugonjwa wa ini. Alipotosheka, akanipa homoni, ile nguvu aliyoisema Sista Damari, lakini si moja. Zilikuwa mbili, maana wakati huo madaktari walikwisha kujua kwamba mwanamke mwenye mfuko wake wa uzazi akipewa ile ya kwanza, lazima apewe na ya pili ya kulipalilia shamba. Nilitumia miaka minne, nikirudi kwake kila mwaka, kisha tukapunguza tukaacha. Nililala. Nilifanya kazi. Sijutii hata siku moja.

Ndiyo maana, juzi uliponiambia moto umekushika na wewe, ukatoa mkobani ile pakiti ya homoni iliyobaki nusu na kusema umepewa na mwalimu mwenzako, niliichukua nikaikalia. Ulikasirika, nikaona. Sasa umejua.

Mwanangu, hedhi kukoma si ugonjwa wala laana, na mwanamke anayeteseka hana sababu ya kuteseka kimya ili aonekane mvumilivu. Homoni zinasaidia. Kwa moto na usingizi sijaona kinachozishinda, na mifupa huilinda isivunjike kwa kujikwaa tu. Aliyekuambia kwamba kila anayezigusa atapata saratani amekutisha bure. Lakini aliyekuambia ni kama vitamini amekudanganya, kama nilivyomdanganya mama yangu. Zina hatari zake: damu kuganda, kiharusi, na kadiri zinavyotumiwa miaka mingi, saratani ya titi huongezeka kidogo. Kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka sitini na ambaye hedhi haijamwacha muda mrefu, faida mara nyingi huizidi hatari. Kwa aliyewahi kuugua titi, au damu kuganda, au moyo, au ini, njia huwa nyingine, na zipo njia nyingine. Nani ajue wewe ni yupi? Si mimi, wala mwalimu mwenzako. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nenda kwa daktari, umwambie kila kitu, hata cha aibu. Uliza jina la dawa, uliza kwa nini, uliza mpaka lini. Na ukiona damu baada ya kusahau damu, usicheke na usilie. Nenda siku hiyo hiyo. Kisha ukishasikia yote, amua wewe. Ukichagua kumeza, nitafurahi. Ukichagua kuvumilia, nitafurahi pia.

Nakubariki kwa mikono yangu hii miwili. Uzeeke ukiwa na meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma, na magoti ya kukupandisha kilima bila mtu kukushika, na wajukuu wa kukupigia kelele. Mwili wako ukutii, na ukikataa kukutii, upate mtu mkweli wa kukuambia sababu. Bwana akutie nguvu, na moyo wako usiwe mdogo. Amina.